Risiti ya Lori Ilikuwa Kwenye Dashibodi

Mkosaji ni mimi, jamani. Mkiona naanza kujitetea, nipigeni mawe!

Nilisoma uhasibu shule ya usiku hapa Karatu. Siku ya mahafali nilicheka mpaka nadhani simba wa kreta walihama. Tangu hapo, kule lodji ya watalii ninakofanya kazi wananiita Profesa, na kichwa kikavimba kama boga.

Rafiki yangu, dereva wa watalii, alihamishwa kutoka kambi ya Ololosokwan kuja kwetu. Kampuni ikampa hela taslimu za kuhamia.

"Profesa, hizi hazikatwi kodi?"

"Kodi ya nini, kaka? Wakikata hata shilingi, nanyoa nywele kwa kipande cha chupa!"

Akakodi lori, akawaleta mkewe na mtoto mchanga. Mwenye nyumba akapewa nusu ya pango. Nusu nyingine ingetoka kwenye mshahara.

Wiki ile ile, Mama Neema wa mishahara akanivuta pembeni. "Mwambie mwenzako alete risiti ya lori kabla ya Ijumaa. Asipoleta, hela zote nazihesabu ni mshahara, na kodi yake inakatwa mwezi huu huu."

Na risiti alikuwa nayo! Ilikaa kwenye dashibodi ya gari lake, naiona kila asubuhi.

Sikumwambia. Ningemwambiaje bila kukiri kwamba Profesa hajui kitu? Ijumaa ikapita napiga soga.

Mshahara wake ukatoka umenyofolewa vibaya. Mimi huyo, kantini, mbele za watu: "Kaka, mbona umeliwa na fisi?" Wakaangua kicheko. Nikacheka kuwashinda wote. Mungu wangu!

Mwenye nyumba hakucheka. Alipokosa ile nusu ya pango, alitupa godoro nje, mvua inanyesha. Mke akamfunga mtoto mgongoni. "Ulinitoa kwetu uje unilaze nje?" Akaondoka. Mpaka leo hajarudi.

Sasa sikieni linaloniua. Rafiki yangu anaamini kampuni ndiyo ilimwonea. Kila mwisho wa mwezi ananiletea karatasi ya mshahara nimkagulie makato. "Wewe tu ndiye uliyebaki upande wangu, Profesa."

Ndugu zangu, mkipewa hela za kuhama, muulizeni anayelipa mishahara, siyo mchekeshaji wa kantini! Na wewe mjuaji mwenzangu, ukigundua umepotosha mtu, kimbia ukamwambie siku hiyo hiyo, hata wakucheke.

Mimi nilinyamaza. Jana nimepanda gari lake. Risiti bado ipo pale. Jua limefuta maandishi yote.