Matairi ya Theluji kwenye Udongo wa Mbuga

Shughuli nzima ilinigharimu matairi manne, matenga sita ya zabibu, kioo kimoja cha pembeni na sentensi moja ambayo mpaka leo sijaweza kuirudisha mdomoni. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza niliisahau ile sentensi, na kumbe ndiyo iliyokuwa ghali kuliko vyote.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, milango ilipofunguliwa na kila kitu kilichochoka huko duniani kikaja kupumzikia kwetu: makoti, majokofu, magari, mpaka matairi. Mume wangu alikuwa karani, na mshahara wake ulikuwa unaisha kabla wino haujakauka. Mimi nilikuwa nanunua zabibu Hombolo na kuzipeleka stesheni ya Dodoma, zipande treni ya jioni kwenda Dar es Salaam. Zabibu haina subira. Ikikaa siku mbili kwenye joto inaanza kujitengeneza divai yenyewe bila kukuomba ruhusa. Kwa hiyo nilipopata pikapu ya mtumba nilihitaji dereva, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Mume wangu alimtaka mpwa wake, kijana wa mguu mzito, aliyeweza kwenda Hombolo na kurudi mara mbili kabla ya adhuhuri. Mimi nilimtaka mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba alikuwa dereva wa serikali zaidi ya miaka ishirini, mpaka lilipokuja punguzo la wafanyakazi akarudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Hakulalamika kwa mtu. Ila kila asubuhi alikuwa anaosha gari la jirani, na jirani hakuwa amemwomba.

"Mpe msimu mmoja," mume wangu akasema. "Mzigo ukiwahi treni kila safari, usukani ni wake. Ukikosa treni hata mara moja, namleta kijana."

Mjomba alipoelezwa masharti aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei na hana duka la pili la kwenda kuulizia.

Matairi niliyanunua Chang'ombe ya hapa Dodoma mwezi wa tisa, jua likiwa kali kiasi cha mbuzi kugombania kivuli cha nguzo ya umeme. Muuzaji alikuwa kijana mcheshi, ameyapanga ukutani kama sufuria.

"Haya si ya kawaida, mama. Yametoka nchi za theluji. Tazama meno yake."

"Dodoma theluji ilinyesha lini?"

"Ndiyo maana nakuuzia kwa bei ya jua."

"Nikupe nusu."

"Nusu ya tairi au nusu ya bei?"

"Kijana, haya yametembea. Nimeyahesabu meno, hili limepungukiwa."

"Mama, tope na theluji ni ndugu wa tumbo moja. Kinachoshika theluji kitashindwa na tope jeusi la mbuga ya Hombolo? Masika yakija utaniombea dua."

Nilipanda kidogo, akashuka sana, nikaondoka na manne. Nilijisifu njiani. Mwenye akili hununua mwavuli kiangazi. Na kwa kuwa sipendi mali inayolala stoo bila kazi, niliyafunga siku hiyo hiyo.

Mjomba aliyazunguka, akachuchumaa, akabonyeza moja kwa kidole gumba.

"Laini," akasema. "Haya ni kama koti la baridi, mwanangu. Ukilivaa juani utalichakaza bure. Yaweke ndani mpaka mvua."

"Halafu nitembelee nini sasa, mjomba?"

"Ya zamani."

"Kwa hiyo niwe na matairi manane kwa gari moja?"

"Wenzetu huko wana manane."

"Wenzetu huko ni matajiri."

Hiyo "huko" ya mjomba niliizoea. Alipokuwa kijana idara yake ilimpeleka nchi moja ya baridi, miezi sita, kusomea magari makubwa. Alirudi na kofia ya manyoya na hadithi moja. Kofia aliivaa kila mwezi wa saba, upepo wa Dodoma unapokata midomo. Hadithi aliisimulia mwaka mzima.

"Theluji ya kwanza ikianguka, siku hiyo gereji zote zinajaa," alikuwa anasema. "Na wanaogonga si wageni. Sisi wageni tuliendesha kama tumebeba trei ya mayai. Wanaogonga ni wenyewe, waliozaliwa ndani yake."

"Wamezaliwa nayo halafu wanaisahau, mjomba?"

"Hawaisahau kichwani. Wanaisahau mguuni. Muda wote wamekanyaga pakavu, breki wakifunga gari linasimama. Mguu haukumbuki mambo ya mwaka jana, mwanangu. Unakumbuka ya jana."

Nilikuwa nacheka. Sikujiuliza barabara zetu zinaufundisha nini mguu wangu mimi. Maana sisi Dodoma tuna miezi saba, mwaka mwingine minane, ya vumbi tupu, na barabara ya vumbi hujikunja ikawa mgongo wa bati, tuta dogo baada ya tuta dogo, mpaka meno yanagongana. Kila dereva anajua dawa yake: ongeza mwendo. Ukitembea pole pole gari linatetemeka kama lina homa. Ukikanyaga mafuta linaelea juu ya matuta na wewe unatulia. Miezi minane barabara inakwambia kwamba raha iko kwenye mwendo. Halafu mchana mmoja wingu linafunga, na barabara ile ile, kwa sura ile ile, inageuka sabuni.

Matenga yalianza kujaa mwezi wa pili. Mjomba alifanya safari sita bila kukosa treni. Mvua za mwanzo zilikuwa zimekuja na kupotea, kama kawaida yake, na barabara ilikuwa imekauka tena. Katika safari ya saba tulipakia matenga ishirini na nne. Nilihesabu yakipanda, nikahesabu tena yakiwa juu. Wakati tunafunga kamba mlima wote wa upande wa mashariki ukawa mweusi.

Tulikuwa hatujafika mbali mvua ilipotushukia, ile ya matone makubwa kama kokoto. Mjomba akasogeza gari pembeni, akazima injini. Akashuka. Akatembea mbele ya gari, akakandamiza barabara kwa kisigino, akatazama kisigino kilivyopita. Akapita nyuma kutazama matairi. Akarudi ameloa chapachapa.

"Meno yameisha," akasema.

Nikashuka kuangalia. Kweli. Yale matairi ya theluji, laini kama alivyosema, yalikuwa yamekula lami na vumbi la moto tangu mwezi wa tisa, na siku ya kazi yake ilipofika yalikuwa laini kama paja la mtoto. Nilikuwa nimehesabu bei mara mbili, meno mara mbili, na sikuhesabu miezi hata mara moja.

"Tusubiri saa moja," mjomba akasema. "Mvua hii haikai. Maji yakishuka, juu panashika."

"Treni haisubiri, mjomba."

"Mtaro nao hauna haraka. Upo tu."

Nilitazama saa. Nikatazama matenga. Ukweli ni kwamba niliziwaza zabibu, nikamwaza mume wangu atakavyosema "si nilikwambia," na nikamwaza mjomba mwenyewe, kwamba tukikosa hii treni kesho atarudi kuosha gari la jirani. Yote matatu yalikuwa kweli. Lakini kilichotoka mdomoni ni hiki:

"Kama unaogopa, nipe usukani."

Mtu hamwambii hivyo kaka wa mama yake. Kwetu mjomba ndiye anayekusimamia siku ya harusi na siku ya msiba. Na huyu alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nami nimekiita woga. Alitoa ufunguo, akaufuta maji kwenye shati lililolowa vile vile, akaniwekea kiganjani. Akazunguka, akaketi kiti cha abiria.

Leseni nilikuwa nayo. Na mguu nilikuwa nao, ule uliosomeshwa na mgongo wa bati. Nilianza taratibu, gari likayumba kidogo, na mguu ukasema kile unachokijua: ongeza, litulie. Nikaongeza. Likatulia kweli, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Halafu nyuma ya gari ikataka kupita mbele. Nikafunga breki.

"Achia," mjomba akasema, kwa sauti ya kuomba chumvi. "Achia breki."

Nilisikia. Naapa nilisikia. Lakini mguu ukiwa na hofu haupokei amri, unazidi kukandamiza. Magurudumu yamesimama na gari linaendelea na safari zake. Tuligeuka tukatazama tulikotoka, kioo cha upande wangu kikabaki kwenye mti wa miiba, tukalala ubavu mtaroni pole pole, kama ng'ombe anayetafuta mahali pazuri.

Mvua tu.

"Umeumia?"

"Hapana. Wewe je, mjomba?"

"Mzima." Akapangusa kioo cha mbele kwa mkono, kana kwamba kulikuwa na mahali pa kwenda. "Haya. Kahesabu matenga."

Sita yalikuwa yamepondeka. Maji mekundu yalikuwa yanatiririka mtaroni. Mwanamume mmoja alipita amebeba baiskeli begani, kwa sababu tope lilikuwa limefunga magurudumu yake. Akatuangalia.

"Poleni jamani. Hapo hapo ndipo lori la juzi lilipopaki."

"Asante," nikamwambia. "Tulisikia pana kivuli."

Huyo huyo akatua baiskeli akatusaidia. Tulishusha kila kitu. Mjomba aliingoja mvua ikatike, na ilikatika, ndani ya ile saa moja aliyoiomba. Akapunguza upepo kwenye matairi mpaka yakatanuka matumbo. Tukalinyanyua gari likakaa sawa, akatandika magunia matupu na matawi ya miiba, akalitoa mtaroni kwa gea ya pili, injini ikinong'ona. Sikuwahi kuona gari likibembelezwa hivyo. Kisha akayapanga matenga kumi na nane nyuma kabisa, juu ya ekseli.

"Uzito ukae kwenye gurudumu linalosukuma," akasema. Ndilo neno pekee aliloniambia njia nzima.

Nilimtazama akiendesha. Hakugusa breki hata mara moja. Kwenye mteremko aliiachia gea ifanye kazi. Gari likiteleza kushoto naye anageuza usukani kushoto, kidogo tu, kama anayekubaliana nalo, kisha linarudi. Hakuongeza mwendo palipokauka, wala hakupunguza ghafla palipolowa. Tulipofika Mtumba, siku hizo kukiwa na vichaka na mbuzi tu pale zilipo wizara leo, tulikuta magari matatu mtaroni, na lile la mwisho alikuwa analiendesha mpwa wa mume wangu, kibarua kwa tajiri mwingine. Amekaa juu ya boneti, anatafuna muwa. Mjomba hakupiga honi. Alinyanyua kidole kimoja kwenye usukani, salamu ya madereva, akapita.

Stesheni tulifika giza linaingia, muda wa treni ukiwa umeshapita. Niliingia kuuliza. Karani mmoja wa mizigo hakuinua hata macho.

"Reli imeingia maji huko mbele. Treni itachelewa kwa saa tatu, pengine nne. Una haraka gani, mama?"

Nilirudi nikamwambia mjomba. Hakucheka. Alianza kufungua kamba. Treni nayo hutembea juu ya udongo, na mimi, pamoja na kuhesabu kwangu kote, sikuwa nimeliweka hilo kwenye hesabu.

Siku tatu hakunisemesha zaidi ya "marahaba." Siku ya nne nikamchukua shangazi mmoja wa kunisindikiza, nikaenda kwake, nikapiga magoti mlangoni, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Faini yangu ni matairi manne," akasema. "Ya jua. Na yale ya tope utakayonunua, nitayatunza mimi chini ya kitanda changu."

Usukani ukawa wake. Mume wangu, baada ya kusikia habari za mpwa wake na ule muwa, aliyafuta masharti yake mwenyewe. Chini ya kitanda cha mjomba kukawa na matairi manne kila kiangazi, na kila wingu la kwanza lilipofunga tulikuwa tunayabadilisha, tukichekwa na mtaa mzima. Tumepitia pikapu tatu pamoja. Hatukurudi mtaroni.

Sasa tatizo langu ni hili. Mjomba amezeeka. Bado anaendesha, na anaendesha kwa gea ya pili, kwenye lami kavu, jua la saa sita. Kule Mtumba watu wa ofisini wanampigia honi mpaka wanachoka. Macho yake yana ukungu. Juzi alisalimia nguzo. Na wiki iliyopita alisimama ghafla katikati ya barabara, akashuka, akakandamiza lami kwa kisigino.

"Kuna nini, mjomba?"

"Naona panang'aa," akasema. "Tusubiri kidogo."

Lilikuwa jua tu, linacheza juu ya lami. Tulisubiri. Nyuma yetu yalijipanga magari kumi na moja. Niliyahesabu mara mbili.

Watoto wangu wananiambia mnyang'anye ufunguo, yataisha. Lakini mimi nimeshawahi kumwambia "nipe usukani" mara moja, nikiwa nimekosea, naye akaufuta ufunguo na kunipa bila neno. Sasa natakiwa kumwambia tena, nikiwa nimepatia, na naogopa atafanya vile vile: ataufuta ufunguo, atanipa, atazunguka upande wa pili. Wewe uliyewahi kumwondoa mzee wako kwenye kitu alichobakiwa nacho, niambie. Ulianzaje?