Shafti ya Trekta la Marehemu

Shemeji yangu alilirudisha trekta siku ya Ijumaa, saa ambayo alijua sipo nyumbani. Nilikuwa shambani Miburani napalilia muhogo. Niliporudi nililikuta limeegeshwa uani, limeoshwa mpaka linang'aa, ufunguo umewekwa juu ya kiti. Nilifurahi, na furaha ile inaniudhi mpaka leo. Mtu ambaye sijawahi kumwona akiosha hata baiskeli yake ananioshea trekta, nami nasimama pale nasema moyoni kwamba kumbe ana adabu.

Trekta lile lina umri mkubwa kuliko mimi. Marehemu mume wangu alilitoa kwenye shamba la zamani la minazi, ambako lilikuwa limetelekezwa, kuku wanatagia chini ya usukani. Alihangaika nalo mwaka mzima. Lilipowaka alinifundisha kuliendesha, si kwa mapenzi, ni kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua. Alipofariki, watu waliokuja kunipa pole waliniuliza nitamuuzia nani. Hawakuuliza kama nitauza. Nikawaambia naendelea kulima nalo, wakatazamana kama watu waliosikia mgonjwa anaweweseka.

Kulima kwenyewe ni kwa msimu. Kazi yake ya kila wiki ilikuwa kukoboa mpunga. Nyuma ya trekta, chini ya kiti, hutokeza shafti fupi ya chuma yenye meno. Injini ikiwaka na ukavuta liva yake, shafti ile huzunguka, na mashine yoyote uliyoifunga pale huzunguka nayo. Mimi nilifunga mashine ya kukoboa. Wanawake walikuja na mpunga wao kichwani wakaondoka na mchele, wakaacha kutwanga.

Shemeji, mdogo wake marehemu, aliniomba trekta kwa wiki mbili. Alikuwa na wenzake upande wa Ndagoni waliochimba mabwawa ya kufugia jongoo bahari, na walitaka shafti iendeshe pampu ya kuvutia maji. Aliniomba kwa jina la kaka yake. Ningemnyima vipi? Wiki mbili zikawa karibu miezi miwili. Kila nikimpigia simu ananiambia kesho, inshallah.

Basi Jumamosi asubuhi nilikwenda kufunga mashine yangu. Juu ya shafti nikakuta kipande cha chuma cha pampu yao kimeng'ang'ania, kimekatwa kwa msumeno baada ya kushindwa kukitoa. Ncha ya shafti ilikuwa imepigwa nyundo mpaka imetanuka kama uyoga. Nikawasha injini, nikavuta liva. Trekta likakoroma, likazima. Nikajaribu tena, likazima tena. Shafti haikusogea hata unywele.

Nilikwenda kwake vile vile na mikono yangu ya grisi. Nilimkuta anakunywa chai.

"Shemeji, mmeifanya nini shafti?"

"Shafti gani?"

"Ile mliyoipiga nyundo."

Akaweka kikombe chini polepole. "Shemeji, trekta lile ni zee. Chuma nacho kinachoka. Mimi nilikuwa nataka tuzungumze vizuri. Kuna watu wa vyuma chakavu wanakuja kutoka Dar. Nimeshawagusia. Wewe sasa ni wakati wako wa kupumzika."

Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Sikumbuki kama nilimuaga.

Kilindoni, mji wetu hapa kisiwani, kuna fundi mmoja aliyekuja kutoka bara zamani kutengeneza mitambo ya barabara, mradi ulipoisha akabaki, sasa hivi anatengeneza injini za boti na pikipiki. Ni mtu wa maneno machache. Alikuja Jumatatu, akachuchumaa nyuma ya trekta, akapitisha kidole kwenye ile ncha iliyotanuka.

"Nani alipiga hapa?"

"Shemeji yangu na wenzake."

"Asipige tena," akasema, kana kwamba shemeji yupo pale amesimama. Kisha akanieleza kwamba shafti inashikwa na kifuniko chenye bolti nne, ndani kuna beringi, na ikishavutwa kwa nyuma hutoka yote. Lakini kabla ya kugusa bolti lazima tumwage oili.

Nikaweka beseni chini, yeye akafungua. Nilitegemea oili nyeusi. Ilitoka nyeupe, nzito, kama tui la kwanza. Fundi akanitazama, akasema hayo ni maji. Sijui nilichofikiri, nilichovya kidole nikaweka ulimini. Ilikuwa chumvi.

Ndipo nilipoelewa kwa nini trekta lilioshwa. Walilirudisha nyuma mpaka majini ili mpira wa pampu ufike, maji makubwa ya bamvua yakajaa, nao wakaliacha limekaa baharini mpaka mabwawa yao yakajaa. Shafti ya mume wangu ilikunywa bahari, halafu wakaninyunyizia maji safi juu ya bodi kama mtu anayempaka maiti hina.

Nilijaza oili ile kwenye kopo la maziwa, nikaenda nayo kwa shemeji. Alikuwa barazani na wanaume wengine wanne au watano. Nikawasalimia wote, maana nilifundwa, kisha nikaweka kopo mbele yake.

"Onja," nikamwambia.

"Nini hii?"

"Oili ya trekta. Ina maji ya bahari."

Akalitazama kopo, akawatazama wenzake. "Shemeji, si nilikwambia limezeeka? Hilo ni jasho lake. Na jasho lina chumvi."

Walicheka. Mmoja alicheka mpaka akafuta macho. Nilichukua kopo langu nikarudi nyumbani, na njia nzima majibu yakawa yananijia, mazuri, makali, yote yamechelewa. Nilichokasirikia si kicheko chenyewe. Ni kwamba kila mmoja pale barazani alijua kuwa chuma hakitoki jasho, na kila mmoja aliona ni rahisi zaidi mimi niaibike kuliko yeye.

Fundi alikuwa bado kazini. Bolti mbili zilikubali, mbili zikakatika vichwa. Akachanganya dizeli na oili, akamiminia kuzunguka shafti, akasema tusubiri. Nikamwambia apige. Akakataa. Jumanne akamiminia tena. Mimi nilikuwa nazunguka uani kama mtu aliyefiwa, na yeye anafuta spana zake moja moja.

"Mama," akaniambia, "hasira hizo zihifadhi. Kesho utanisaidia kuvuta."

Jumatano alikuja na gesi. Alikuwa ametengeneza kifaa chake mwenyewe: nondo ndefu iliyochomelewa kwenye kile kipande cha pampu, na juu ya nondo chuma kizito chenye tundu, kinachoteleza. Ukikivuta kwa nguvu kinagonga kizuizi cha mwisho, na kila pigo linaivuta shafti nje badala ya kuisukuma ndani. Akapasha moto kifuniko, mimi nimeshika kitambaa kibichi na ndoo ya mchanga kwa tahadhari. Tukavuta kwa zamu. Mikono iliniwaka. Baada ya mapigo mengi shafti ilikuwa imetoka upana wa kidole kimoja tu.

Hapo likaingia lori uani. Shemeji alikuwa mbele, karibu na dereva. Nyuma walikaa vijana wawili na mizani.

Nilichukua mtaimbo nikasimama kati ya lori na trekta. Sikupiga kelele.

"Shemeji, umekuja kufanya nini?"

"Hawa ndio wale wageni. Wamesafiri kutoka mbali, shemeji. Usiniaibishe."

"Umewauzia?"

"Nimewaahidi tu."

Mkubwa wa wale watu alishuka. Mtu mnene, kifua kipana, kofia ya kufuma kichwani. Akaniamkia, shikamoo mama, nikaitikia marahaba bila kuondoa macho kwa shemeji.

"Mama, hili trekta ni la nani?"

"La kwangu. Na haliuzwi."

Niliona aibu ikimpanda, aibu ambayo ilimstahili shemeji kuliko yeye. Kisha akamtazama fundi, akatazama ile nondo, na kwa mshangao wangu akavua saa yake akaitia mfukoni.

"Hizi mimi nazitoa kila siku," alimwambia fundi. "Ongeza moto upande wa chini. Juu umetosha."

Fundi akaongeza. Yule mtu akashika chuma kizito kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye tairi, akavuta. Mara moja, mara mbili. Mara ya tatu kikasikika kishindo kama mnazi unaokatika, shafti ikatoka nzima na beringi yake, akaanguka nayo chali. Vijana wake walicheka, naye akacheka.

Mimi nilikuwa natazama tundu. Mchanga ulikuwa unamwagika kutoka mle ndani. Mchanga mweupe, na kikonokono kidogo cha pwani ndani yake. Yule mtu akainuka akauchota, akamwonyesha shemeji kiganja chake.

"Hili halikuzeeka, bwana. Hili mmelizamisha."

Shemeji alisema ana miadi. Aliondoka kwa miguu.

Ndani, gia zilikuwa salama. Tuliosha difu, lile sanduku la gia za nyuma, kwa dizeli mara tatu mpaka ikatoka safi. Beringi na sili za kuzuia oili zikaagizwa Dar, zikachukua zaidi ya wiki mbili kufika kwa boti, na shafti yenyewe fundi aliisawazisha kwa tupa, jino kwa jino. Siku niliyovuta liva ikazunguka, nilizima injini nikakaa kwenye kiti nikalia, kisha nikawasha tena maana watu walikuwa wanasubiri na mpunga wao.

Watu huniambia nimsamehe. Wanasema ni ndugu, na vitu ni vitu. Nawauliza nimsamehe nini, wakati yeye mpaka leo hajasema alifanya nini. Mke wake huleta mpunga, ananisalimia vizuri, namkobolea kama wengine.

Msimu huu shemeji alimtuma mama mkwe wangu. Anataka trekta siku mbili, kulimia kiwanja chake cha mpunga. Bibi wa watu aliona haya hata kulisema. Nilimpa chai, nikamwambia sawa, kiwanja kitalimwa, nitakuja mwenyewe Jumapili.

Nilikwenda. Niliendesha tangu mwanzo wa shamba mpaka mwisho, shemeji amesimama pembeni. Nilipomaliza alinyoosha mkono kuelekea usukani, akasema angalau anisaidie kulifikisha nyumbani.

"Kaa mbali na trekta langu," nikamwambia, nikaondoka nalo.