Siku Wifi Yangu Aliposema Nataka

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anafanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli kubwa ya mji wetu, na mji mzima unamwita Mapokezi. Hata kaka humwita hivyo anapokuwa na njaa. Amesimama nyuma ya kaunta ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, akipokea funguo na kutoa funguo, mpaka kazi ikamwingia kwenye damu. Tulipofiwa na mjomba, alisimama mlangoni mwa nyumba ya msiba akawa anawauliza waombolezaji kama wamesafiri salama, na kama wangependa kulala vyumba vya nyuma, maana huko hakuna kelele. Nilicheka msibani, Mungu anisamehe.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia ya hoteli na foronya zake, na mama yangu anasema mdomo wangu una makali kuliko mkasi wangu. Nayasimulia haya mwenyewe kwa sababu mtu mwingine akiyasimulia atayapoza, na mimi hadi leo nikiyakumbuka siwezi kukaa kwenye kiti.

Mji wetu unaishi kwa maji ya moto. Yanatoka ardhini, chini ya kilima, na wageni hutoka mbali kuja kujiloweka. Hoteli zimeyavuta kwa mabomba mpaka kwenye mabwawa yao ya vigae. Limebaki bwawa moja tu la wazi, limezungushiwa mawe, nyuma ya karakana ya baiskeli, na hilo ni letu sisi wenyeji. Kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko, Mapokezi humshika mama mkono wakaenda huko polepole. Magoti ya mama yalimsaliti zamani. Nchi kavu anatembea kwa kuegemea kuta za watu, lakini ukimtia ndani ya maji yale, anacheza. Sitii chumvi. Anazungusha kiuno, anapiga makofi, anawatania wenzake kwa matusi mepesi, na jioni ile hupanda ngazi za nyumbani bila kushikwa. Siku nyingine zote hapandi.

Sasa halmashauri ikaleta mpango mpya wa utalii. Ramani ikabandikwa nje ya ofisi yao, na pale kwenye bwawa letu pakachorwa jengo la kukandia wageni, na ukuta kulizunguka. Chini yake waliandika kwamba wenyeji wataruhusiwa kwa utaratibu maalumu. Utaratibu maalumu tunaujua. Ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Lakini kabla ya mpango kupitishwa, afisa mipango aliitisha mkutano wa maoni ya wananchi. Nikaona hapa ndipo. Tatizo ni nani aseme. Mimi nikisimama tu, mwenyekiti wa halmashauri hujifanya anatafuta miwani, kwa sababu tuligombana juu ya mapazia ya ukumbi wake, na ugomvi ule nilishinda. Mama angeanza na magoti akamalizia na ukoo wa mwenyekiti. Alitakiwa mtu asiye na adui, ambaye hajawahi kuomba kitu, ili siku akiomba watu washtuke. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo, naye alikuwa amekaa jikoni kwangu anakunja taulo zangu bila kuombwa.

"Mimi?" aliuliza Mapokezi. "Wifi, meneja wangu atakuwa amekaa mbele pale."

"Ndiyo vizuri. Atasikia bila kutumiwa mjumbe."

Tukafanya mazoezi kwenye chumba changu cha kushonea, kati ya marobota ya vitambaa. Mimi nilikuwa mwenyekiti, nimevaa miwani ya mama. Yeye alisimama mbele ya cherehani, mikono ameikutanisha kama yuko kaunta.

"Haya, mwananchi, una maoni gani juu ya bwawa?"

"Kwa kweli," akasema kwa sauti yake ya simu, "mgeni angependa kuona utamaduni wa wenyeji, kwa hiyo bwawa likibaki wazi, mgeni atafurahi."

"Mgeni katokea wapi? Nimekuuliza wewe."

"Sawa. Basi, mgeni akipita pale—"

Nikamtupia futi ya kupimia. Tulirudia mpaka uzi wa cherehani ukaniishia, kwa kuwa nilikuwa nashona huku namsikiliza. Kila nikimwambia aanze na neno "nataka", midomo ilikuwa inajipanga vizuri, halafu linatoka "mgeni". Mwisho akacheka, akakaa juu ya robota, macho yakamjaa machozi. "Wifi, hilo neno silijui. Nyumbani kwetu nilikuwa wa kwanza kuzaliwa. Nikaolewa. Nikaajiriwa. Ningelitumia wapi?" Nikaokota futi yangu, nikamwambia turudie tena.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Waliokuja ni wapishi, watunza bustani, madereva wa kubeba wageni, wafua nguo, watandika vitanda. Meneja wa hoteli alikaa mstari wa mbele, shati limepigwa pasi hadi linatisha. Kaka yangu alimleta mama kwenye kiti cha plastiki, akambeba na kiti chake kama malkia, akamweka nyuma karibu na mlango.

Afisa mipango alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kalamu nyekundu sikioni. Alitandaza ramani ukutani akasema, "Ndugu zangu, wageni tumeshawauliza wanataka nini, na wametujibu. Leo nimekuja kuwauliza ninyi. Ninyi mnataka nini?"

Mtunza bustani akanyoosha mkono. "Wageni wangependa kivuli zaidi njiani."

"Asante, lakini wewe mwenyewe?"

Yule bwana akafikiri, akakaa. Akasimama mpishi: wageni hulalamikia mbwa wanaobweka alfajiri. Dereva akasema wageni wanajikwaa kwa sababu taa ni chache. Mfua nguo akasema wageni hawapendi kuona nguo zimeanikwa. Afisa akawa anajipangusa uso. Ukumbi mzima wa watu wazima, wenye nyumba na wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyejua kujitaja. Wote tulikuwa na ugonjwa wa wifi yangu. Kumbe hata mimi, maana nilipokuwa nanong'ona na jirani yangu nilisema wageni watakosa mahali pa kupigia picha.

Mwenyekiti alikuwa anatabasamu. "Basi mmesikia wenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kama hakuna neno juu ya bwawa, tunalipitisha kama lilivyochorwa, tuendelee na maegesho."

Mapokezi akasimama.

Watu wakageuza shingo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akisimama kutoa hoja mahali ambapo hakuna kaunta mbele yake. Mikono ikatafuta pa kuegemea, ikakosa. "Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "kuhusu bwawa. Mgeni ange—"

Nikafumba macho.

"Mgeni gani?" ikaja sauti ya mama kutoka mlangoni. "Magoti ni ya mgeni?"

Watu wakacheka kidogo. Mapokezi aligeuka akamtazama mama, pale kwenye kiti cha plastiki, miguu imetangulizwa mbele kama mizigo ya mtu mwingine. Halafu akamgeukia afisa, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya simu.

"Nataka bwawa," akasema. "Nalitaka wazi, bila ukuta na bila utaratibu maalumu. Mama mkwe wangu hatembei, lakini mle ndani anacheza, na mimi nataka acheze mpaka siku atakayochoka mwenyewe. Nataka Jumatatu yangu. Nasimama siku sita, jioni viatu havivuliki, na mle ndipo miguu yangu inarudi kuwa yangu." Akavuta pumzi. Nilidhani amemaliza. Alikuwa ndiyo kwanza anapata moto. "Nataka benchi pale, la kukaa sisi wakati wa kuvaa viatu. Nataka kukaa, jamani. Nataka kiti kule kaunta. Nataka mume wangu atengeneze bomba la jikoni, na asiniambie kesho. Nataka wifi yangu anirudishie sufuria yangu kubwa, ile yenye mfuniko."

Wahenga wengine, wale ambao mwenyekiti hawataji, walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukumbi ulilipuka. Kaka alijificha nyuma ya kiti cha mama. Mimi nilitamani ardhi ipasuke kwa ajili ya sufuria, na wakati huohuo nilikuwa nimesimama juu ya kiti napiga makofi kama mwehu, machozi yananitoka. Meneja alikuwa anaangalia viatu vyake.

Na hapo ndipo kila mtu akapona. Mtunza bustani akasimama tena: "Mimi nataka bwawa, na nataka mti mmoja ambao nikikaa chini yake siambiwi niondoke." Mfua nguo akasema anataka bwawa na anataka kuanika nguo zake uani kwake, mtu asiyependa afumbe macho. Dereva naye anataka bwawa, na njia ya kwenda kwake isiyo na matope. Wakawa wanasema wawili wawili, watatu watatu, nataka, nataka, kama watoto walioachiwa duka. Afisa alikuwa anaandika pembezoni mwa ramani hadi pembezoni pakaisha, akageuza akaandika nyuma, na uso wake ulikuwa unang'aa kuliko wetu. Mwenyekiti aligonga meza mpaka akachoka.

Ikapigwa kura ya mikono juu ya bwawa. Sijui ilikuwa mingapi, ila nilipogeuka sikuona sura za watu, niliona mikono tu. Mama alinyoosha miwili, akaambiwa ashushe mmoja, akakataa. Afisa akachukua kalamu nyekundu, akaufuta ukuta kwenye ramani, akalifuta na lile jengo.

Mwenyekiti hakukubali kushindwa bila neno. Akamwelekezea Mapokezi kidole. "Haya, bwawa ni lenu. Na wageni je, wanaotulisha? Tuwafukuze? Maana bado wataliona, na watataka kuingia."

Macho yote yakamgeukia yeye. Nilijua ndani ya kifua chake kuna mtu wa kaunta anayetaka kuomba radhi. Alifikiri, bila haraka.

"Waje," akasema. "Lakini wapige hodi."

Mpango ulipopitishwa rasmi, neno hilo lilikuwa ndani yake, na sasa limechorwa kwenye ubao mwanzo wa njia ya bwawa, karibu na benchi jipya. Bomba la jikoni pia limetengenezwa. Jumatatu ya kwanza tulikwenda wote, na mimi niliiacha cherehani. Mvuke ulikuwa umepanda hadi juu ya mawe, mama yuko katikati ya maji anacheza na wenzake wanamwimbia, na Mapokezi ameegemea jiwe, maji yamemfika shingoni, amefumba macho.

Akatokea mgeni, mzee mmoja amevaa joho jeupe la kuogea la hoteli, na viatu mkononi. Akausoma ubao, akaturudishia lile neno kwa ulimi mzito: "Hodi?"

Wimbo ukakatika. Wanawake wote wakamtazama wifi yangu, na mimi nikamtazama, nikisubiri lile jibu ambalo amewapa watu maisha yake yote.

Hakufumbua hata jicho.

"Subiri kwanza," akasema. "Mama bado anacheza."

Mgeni akakaa kwenye benchi, akasubiri.