Kostiki Jikoni kwa Mama Asabi

Hapa mjini kwetu Iseyin, Mama Asabi hakuogopa mtu, hata marehemu mumewe aliyekuwa na mdomo kama wembe. Aliogopa kostiki.

Upishi wa sabuni aliurithi kwa bibi yake: majivu ya maganda ya kakao, mafuta ya mawese, na mkono usiochoka kukoroga. Ilitoka nyeusi, laini, ikafungwa kwa majani, na mtaa mzima tuliosha kwayo vyungu, nguo na watoto. Kisha miche ya kiwandani ikafika sokoni, migumu, na wateja wakaanza kumnunia. "Mama, sabuni yako inaisha sijamaliza hata shati!" Ndipo akaanza kutia kostiki, ile dawa nyeupe ya dukani inayounguza, ili naye apate mche mgumu.

Siku ya kwanza tu ilimrukia mkononi ikamchuna ngozi. Wajukuu walizoea kucheza bandani alikopikia sabuni, basi kwa hofu akaihamishia jikoni, kwenye rafu ya juu wasikofikia. Woga ulimshauri vibaya. Rafu hiyo ndiyo ya magadi, yanayofanana na kostiki kwa macho, na nani kwetu hupika mlenda bila magadi?

Jioni moja mimi jirani yake nilirudi naye kutoka sokoni, tukakuta wajukuu wameshanawa, wameizunguka amala, ugali wetu wa viazi vikuu. Sufuria ya mlenda ilikuwa inafura povu la ajabu. Mama Asabi akapiga ukelele:

"Msiguse! Mikono juu, nyote! Nani amekula?"

"Bado, Bibi. Tunangoja mboga."

Nikaangua kicheko, cha woga tu. Mama Asabi akamgeukia mkwewe Olapeju, bibi harusi mpya, aliyejibanza ukutani.

"We mwali, magadi umetoa wapi?"

Olapeju akaonyesha rafu kwa kidole.

"Nakuuliza, unaninyooshea kidole? Kwenu ndivyo mnavyojibu wakubwa? Au ulimi umeuazimisha?"

Msichana alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtiririka. Hapo ndipo nilipokumbuka, na nikaona Mama Asabi naye amekumbuka, maana aliacha kufoka akakimbilia mtungi wa maji. Mpishi huonja kwanza. Hudondosha tone kiganjani, akalamba.

Kwetu mkwe ndiye humpigia magoti mama wa mumewe. Mama Asabi alipiga magoti yeye, kata ya maji mkononi.

"Fumbua mdomo, mwanangu," alisema. "Nakuomba, fumbua nione."

Olapeju akatikisa kichwa, akaondoa kiganja: midomo ilikuwa imebabuka, haifumbuki.