Ng'ombe wa Mahari Angani

Ndege ndogo iligusa uwanja wa Mbulu, kisha ikapaa tena. Mimi ninayejisifu kupanda ndege za nchi za watu nilikuwa tayari nimelala kifudifudi juu ya mavi ya ng'ombe.

“Inuka, bwana,” alisema mzee mfugaji wa kijiji cha Getanuwas, akiegemea fimbo yake. “Haianguki. Binti yangu anajifunza kutua.”

Binti alipotua na kushuka, aliinamisha kichwa. “Shikamoo baba. Saa za kuruka ulizonilipia zimeisha, na leseni bado.”

“Marahaba. Wamebaki ng'ombe wa mahari ya kaka yako. Tutauza hao.”

Binti akatazama viatu vyake. Wasomaji mnaolalamikia mahari, ulizeni bei ya saa moja angani.

Nikajifuta suruali, nikajitia mshauri. “Na kaka yake, bwana harusi, je, mzee?”

“Atangoja. Kungoja hakuli mafuta.”