Kamanda na Bonde la Shemeji Yake

Ukifika Kwihara ukaulizia nyumba ya Gerson, utaambiwa tu uangalie juu. Bati lake la buluu linaonekana kabla hujaiona nyumba yenyewe, na baraza lake limeinuliwa ngazi kadhaa kutoka ardhini, utadhani tunaishi na mafuriko. Kwihara haijawahi kuwa na mafuriko. Nyumba ile ilijengwa na tumbaku, ile miaka ambayo tumbaku ilikuwa inalipa. Likafuata trekta, na baada ya trekta ndipo tulipoanza kumwita mzee, ingawa mimi na yeye ni rika moja.

Mimi ni Imakulata, fundi cherehani. Namjua Gerson tangu akikimbia na kaptula iliyotoboka, na zilizotoboka baadaye nimezitia viraka mimi. Kwa hiyo asije mtu akaniambia namwonea wivu. Nina hasira naye, na hasira ni kitu kingine.

Nimtendee haki kwanza, maana nikiendelea sitaweza. Gerson ndiye kamanda wetu wa sungusungu. Tuliapa wote, Wakatoliki na Wamoraviani, na Waislamu waliotoka mjini wakajenga huku, kwamba kaya moja ikivamiwa tumevamiwa wote. Ukipigwa mwano, yaani lile yowe la kuita watu, kila mwenye miguu lazima afike, na asiyefika anatengwa: haombi moto, haombi maji, wala salamu yake haipokewi. Katika mambo hayo Gerson hakuwa na mpinzani. Mwaka ule Mektilda alipoibiwa ng'ombe dume wake wa kulimia, Gerson ndiye aliyefuata nyayo porini mpaka akarudi naye, miguu ikiwa imechanika kwa miiba. Mektilda ni mjane wa Ambrosi, na Ambrosi na Gerson walikuwa ndugu wa kuchaguana. Kwenye harusi Gerson ndiye aliyemsimamia. Mpaka leo anamwita Mektilda shemeji.

Sasa huyo shemeji ana bonde. Si kubwa. Ni majaruba ya mpunga pamoja na kisima kisichokauka hata mwezi wa kumi, wakati sisi wengine tunachota tope. Liko kati ya shamba la Gerson na barabara. Wajukuu anaowalea Mektilda wanakula kutoka pale na kuvaa kutoka pale. Ukimwondolea bonde lile, anabaki na kuta za nyumba na picha ya marehemu.

Habari zote zilianzia kwenye redio. Gerson huileta redio yake kibarazani kwangu jioni, kwa sababu nyumbani kwake hakuna wa kumjibu. Ikaja ile habari ya Marekani kukitaka kisiwa cha Greenland, ambacho kiko chini ya Denmaki. Tulicheka sana siku ya kwanza. Nchi yenye nguvu kuliko zote inamtolea macho rafiki yake mwenyewe, tena wako pamoja kwenye umoja wa kulindana, mmoja akiguswa wameguswa wote!

"Hiyo si ndiyo sungusungu?" nikasema. "Sasa kamanda anataka kuiba kwa mwanachama?"

Wote waliokuja kusikiliza wakacheka, isipokuwa Gerson. Yeye aliongeza sauti ya redio, akasikiliza kama mwanamke anayesikiliza namna ya kupika pilau ya harusi.

Mtangazaji alisema wakubwa wale wanataja usalama: wasipokichukua wao, kitachukuliwa na wengine wabaya. Siku chache hazikupita, Gerson akaenda kwa Mektilda na uso wa huruma.

"Shemeji, mimi silali kwa ajili yako. Bonde liko wazi upande wa barabara. Wezi wakija watapitia kwako waingie kwangu. Nipe mimi nilizungushie wigo."

"Wezi wapi, shemeji?" Mektilda akauliza. "Na si wewe kamanda? Lilinde kutoka hapo ulipo. Miaka yote umelinda, umeshindwa nini leo?"

Redio ikasema kwamba chini ya ile barafu kuna madini. Gerson akagundua ghafla kwamba kisima cha Mektilda kina maji mengi ambayo "hayatumiki ipasavyo". Redio ikasema barafu inayeyuka na meli zitapata njia mpya. Basi akakumbuka kwamba misafara ya zamani ya kwenda Ujiji ilipita palepale bondeni, na kwamba babu yake alibeba pembe njia hiyohiyo, kwa hiyo kwa historia pale ni kwao. Babu yake! Mzee yule alihamia huku kutoka Usinge akiwa mtu mzima, na mzigo mzito aliowahi kubeba ni mtungi wa pombe. Kisha redio ikasema wenye kisiwa wanajibu kwamba kisiwa hakiuzwi. Gerson akatikisa kichwa, akaniambia kwa uchungu wa kweli kwamba shida ya watu wadogo ni kutojua kinachowafaa.

Nikachoka. Nikamuuliza mkewe, Recheli, alipokuja kupimwa gauni la kwaya. Recheli ni mtu wa maneno machache.

"Mume wako lile bonde analitakia nini hasa?"

"Wageni," akasema, mikono ikiwa juu nimpime kifua. "Wakikaa barazani wanaangalia bondeni wanasema, mzee, kule kwenye kijani pamependeza, napo ni pako? Inabidi aseme hapana. Hapendi."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Angepanda mpunga wake mwenyewe huku juu kama anautaka. Lakini huo wa huku juu wageni hawatausifia."

Nilikaa na futi yangu mkononi, nikacheka mpaka nikakohoa, halafu nikasikia uchungu. Wajukuu wa Mektilda walale njaa ili mtu mzima asitamke neno hapana mbele ya wageni!

Jumapili moja Mektilda alitoka asubuhi na baiskeli kwenda misa Kipalapala. Gerson alikuwa amesubiri hilo. Aliwatuma vibarua wake wawili, Alois na mwenzake, wapande minyaa kuzunguka bonde lote mpaka barabarani. Minyaa ikishashika, kwetu huo ni mpaka, na kuubomoa ni kesi. Yeye akabaki nyumbani, akavaa suti yake ya kanisani, akakaa barazani na chai akisubiri saa ya ibada. Alitaka aonekane kanisani wakati wigo unaota.

Ila tairi la Mektilda lilipasuka kabla hajafika mbali. Akarudi akikokota baiskeli, akakuta watu wawili ndani ya majaruba yake, wanachimba na kukanyaga mpunga uliokuwa umeanza kutoa masuke. Hakuwatambua kwa mbali. Akaachia baiskeli, akapiga mwano.

Hapo ndipo Gerson alipofanya kosa ambalo asiye wa kwetu hawezi kulifanya. Mtu aliyeitikia mwano maisha yake yote haitikii kwa akili. Aliposikia lile yowe, kikombe kikaenda chini, rungu likaja mkononi, filimbi mdomoni, akashuka zile ngazi zake kwa mruko mmoja, mbele ya watu wote kama kawaida yake. Sisi nyuma yake tulikuwa tunahema. "Zungukeni upande wa barabara!" alikuwa anapiga kelele. "Wasitoke hata mmoja!" Akaingia bondeni na viatu vyake vyeusi, akamrukia mwizi wa kwanza, wakaanguka wote kwenye tope. Akamkalia mgongoni, akainua rungu.

"Bosi!" mwizi akalia. "Bosi, ni mimi Alois!"

Nimeona mengi, lakini sijawahi kuona rungu likishuka polepole vile.

Tulisimama duara. Sheria yetu inajulikana: mwizi akikamatwa, kabla hajaguswa, kamanda anamuuliza swali moja mbele ya wote. Wenceslaus, msaidizi wake, ambaye Mungu alimnyima ujanja kabisa, akasafisha koo.

"Kamanda, uliza swali."

Gerson akaangalia miche ya minyaa. Akaangalia suti yake. Akajaribu kusema kwamba jua linakuwa kali na watu wanatakiwa kanisani.

"Uliza swali, kamanda," Wenceslaus akarudia, kwa heshima zote.

Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo. "Alois. Nani kawatuma?"

"Si wewe, bosi?" Alois akasema. Alikuwa anashangaa kweli. "Umesahau?"

Ningependa kuwaambieni kwamba hapo haki ilitendeka. Haikutendeka. Wanaume walikaa kando wakanong'ona, na kila mmoja alikuwa anafikiria trekta, maana msimu wa kulima ukifika hakuna lingine huku. Wakarudi na maneno laini. Eti ni kutoelewana kwa ndugu. Eti kamanda alikuwa na nia ya kulinda, ila alitangulia kabla ya mazungumzo. Mmoja akampongeza kwa kufika haraka kwenye tukio! Kumtenga hakutajwa. Nilisema nilichosema, nikaambiwa nina mdomo. Mimi na Mektilda tukaing'oa ile minyaa wenyewe, mche kwa mche, utomvu ukatuwasha mikono siku nzima, na mpunga uliokanyagwa haukuinuka tena. Gerson akabaki kamanda na filimbi yake. Kwa wiki kadhaa akawa anamsalimia shemeji yake kwa furaha kubwa, kama aliyemsamehe.

Halafu, asubuhi moja ya mwezi wa tano, tukasikia mwano kutoka kwenye nyumba ya bati la buluu. Zizi lilikuwa wazi, ng'ombe wake wote wametolewa. Filimbi ililia kwa namna ambayo ilinitia huruma, nakiri.

Hatukukubaliana kitu. Naapa. Niliweka mkasi, nikavaa kandambili zangu, nikatoka. Wenceslaus alikuwa anatoka kwake akifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja. Wanaume wa trekta nao walikuwa njiani, wanaulizana hali ya mahindi. Mektilda alitangulia kidogo, kanga mabegani, hatua za mtu anayetoka kuazima chumvi. Kijiji kizima kilikuwa barabarani na hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Gerson alikuwa katikati ya zizi, miguu peku. "Mbona mnatembea?" akapaza sauti. "Nimeita! Hamkusikia? Tuliapa!"

Mektilda akasimama mlangoni mwa zizi, akaegemea nguzo.

"Tumesikia, shemeji. Na wote tumefika."

Nyayo za ng'ombe zilikuwa zimeelekea porini, upande wa magharibi, na mavi yaliyokuwa njiani yalikuwa yameanza kukauka.