Upindo wa Inchi Tatu

Mimi ni fundi wa nguo hapa Landless, Thika, na sare za shule ndizo zinazonilisha. Kabla sijakata kitambaa huuliza mtoto ana miaka mingapi. Si umbea. Wazazi wanataka sare imalize miaka mitatu, kwa hivyo wa miaka kumi na minne namwachia upindo wa inchi tatu, wa kumi na saba inchi moja, basi. Yote naandika kitabuni, na vitabu vya zamani viko sandukuni chini ya cherehani.

Mwaka jana jirani yangu, mama wa kutoka Kakamega anayefanya kazi kiwandani, alinijia mbio akilia. Kijana wake alikuwa amekamatwa kwa sababu ya urafiki na msichana wa darasa lake. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na saba, lakini baba ya msichana alifika kituoni kwanza, na sheria ikachagua mmoja. Halafu kijana ni mrefu na ana ndevu kama tano hivi, kwa hivyo wakamwandika miaka kumi na tisa. Angepelekwa rumande ya watu wazima.

"Cheti ya kuzaliwa haiko, fundi. Nilimzalia nyumbani. Sasa wamempeleka kwa daktari wa meno!"

Ndiyo, meno. Serikali ikikosa karatasi yako inakufungua mdomo kama mbuzi wa sokoni. Daktari alichungulia akaandika: kati ya kumi na saba na kumi na tisa. Hata mimi ningesema hivyo nikiwa nimefumba macho.

Sheria tuliyoachiwa na Mzungu ilimlinda msichana hadi miaka kumi na minne. Ikapanda kumi na sita, kisha kumi na minane, vizuri sana. Wanaokamatwa hawakubadilika. Wanasema sheria ni msumeno, lakini hii yetu ni makasi butu, inakata kitambaa chepesi tu.

Sare za kijana huyo nilizishona mimi, kwa hivyo nilibeba kitabu chenye vipimo vyake hadi kituoni. Afisa akacheka.

"Mathe, hii ni ushahidi ama ni vipimo za suruali?"

"Ni zote mbili. Miaka mitatu iliyopita, kidato cha kwanza, miaka kumi na minne. Piga hesabu."

Alicheka, lakini akapiga simu shuleni, na rejista ikasema vilevile. Kesi ikahamishwa mahakama ya watoto, kijana akarudi kwa mamake kuingoja. Nilijisifu mtaa mzima.

Januari akaja mteja wangu wa Witeithie na binti yake wa kupimwa sare. Huyu mama alipokuwa darasa la nane, mwenye hardware mmoja wa Ruiru, mzee mwenye mvi, alimpa mimba. Wazee wakakaa, mbuzi wakaletwa, na ghafla msichana akawa na miaka kumi na tisa. Hakuna aliyetafuta daktari wa meno. Nilialikwa kwa sababu nilikuwa nimeshona gauni lake la ruracio, siku ya kupeleka mahari. Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, ilikuwa tamu, nikaongeza. Yule mzee leo hukaa kiti cha mbele kanisani.

Binti alikuwa mlangoni akichezea vifungo. Mamake akainama karibu nami, akaniita shangazi kwa Kikuyu.

"Tata, nasikia uliokoa kijana wa watu na kitabu. Na mimi nilikuwa kwa kitabu?"

Ningeweza kusingizia panya kwamba wamekila. Nilivuta sanduku, tukasoma pamoja: kiuno, urefu, darasa la nane, miaka kumi na minne. Chini yake, kwa mwandiko wangu: *aachiwe upindo inchi tatu, bado anakua.*

Niliona aibu.

"Na ile gauni ya ruracio," akauliza, "uliiachia upindo?"

"Hapana. Niliishona ya mtu mzima."

Alifunga kitabu, akamwita binti yake aje apimwe.

"Huyu ni kumi na moja," akaniambia. "Andika vizuri."